Wa Mwisho ni Nani?

Wahenga wetu walisema mgeni ni kuku mweupe, yaani hata akijichanganya vipi na wenyeji, macho ya watu humtambua. Methali hiyo nilikuwa nimeifundisha darasani mara nyingi, tena kwa mifano, kabla sijawahi kuwa mgeni wa mbali mimi mwenyewe. Mwezi wa Septemba 1979, nikiwa na umri wa miaka 29, nilifika Havana, mji mkuu wa Kuba, kusomea ualimu wa fizikia. Siku ya kwanza tu nikagundua kwamba methali ile ina mipaka yake. Havana haikunitambua. Kwa sura na rangi yangu nilikuwa mmoja wao, na kwa sababu hiyo hakuna aliyenihurumia.

Mzungu akipotea njia mjini Tanga, watoto humkimbilia na watu wazima humwonyesha njia kwa mikono. Mimi nilipokuwa nimesimama kwenye kona ya barabara, ramani mfukoni, bila kujua kushoto wala kulia, wenyeji walinijia kuniuliza mimi njia. Walisema haraka kama mvua ya mawe. Nilikuwa na sentensi moja niliyoikariri ndani ya ndege, ya kusema kwamba sijui Kihispania, nami niliitamka vizuri kiasi kwamba bwana mmoja alidhani namfanyia mzaha. Aliondoka akitikisa kichwa. Nadhani alijiuliza ni Mkuba gani huyu mwenye kiburi asiyetaka kumwelekeza mwenzake.

Tulikuwa tumetoka nyumbani wakati mgumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miezi michache tu kabla, na maduka yalikuwa matupu. Sukari, sabuni na mafuta ya kula vilikuwa vitu vya kupangia foleni tangu alfajiri. Tulipanda ndege ya Warusi, tukapitia Moscow, na baada ya safari iliyonifanya nisijue tena kama ni jana au kesho, tukapelekwa kwenye bweni la wanafunzi katika mtaa wa Vedado, karibu na bahari. Chumba changu nililala na kijana wa Angola aliyekuwa ametutangulia kwa mwaka mzima.

Usiku huo wa kwanza, saa tatu kamili, mzinga ulilia. Sikuwa askari, lakini mwaka ule masikio ya kila Mtanzania yalikuwa yamezoea habari za mizinga. Kabla sijafikiri nilikuwa nimekwisha kuinama chini ya meza. Yule Mwangola alicheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akanieleza kwa ishara na kwa maneno machache ya Kiingereza kwamba mzinga ule hupigwa kila siku saa ileile kutoka ngome ya La Cabaña, ng'ambo ya mlango wa bandari. Zamani za Wahispania mji ulizungukwa na ukuta, na mlio ule ulikuwa tangazo la kufunga malango, na la kuvuta mnyororo kuziba mlango wa bandari maharamia wasiingie. Ukuta ulianza kubomolewa mwaka 1863, malango hayapo, mnyororo haupo, lakini mzinga unalia na watu wanarekebisha saa zao. Tangu usiku ule nami nikawa narekebisha yangu.

Siku ya pili niliamua kwenda kuuona mji wa kale kwa miguu. Niliufuata ukuta wa baharini wanaouita Malecón, ambao ulianza kujengwa mwaka 1901 na unaambaa na pwani kwa kilometa kadhaa. Mawimbi yalikuwa yakigonga ukuta na kurusha maji barabarani, na wavulana walikuwa wakivua samaki kwa mshipi kama vijana wa kwetu. Nilipokaribia mlango wa bandari niliiona ngome ya El Morro juu ya mwamba, nami nikasimama. Nilikuwa nimeiona ngome ya namna ile hapo kabla, nilipokwenda Mombasa kwa basi nikiwa kijana. Kuta zilezile nene zinazoegemea nyuma, pembe zilezile kali zinazotazama bahari.

Baadaye niliposoma nilikuta kwamba macho hayakunidanganya. El Morro ilianza kujengwa mwaka 1589 na Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Zote mbili zilichorwa na mafundi wa Kitaliano, na zote mbili zilijengwa katika enzi ya mfalme mmoja, Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye tangu mwaka 1580 alikuwa pia mfalme wa Ureno. Mtu mmoja aliyekaa Ulaya, ambaye hakupata kuiona Mombasa wala Havana, aliamuru mawe yapangwe kwa mtindo mmoja katika pande mbili za dunia. Sikuyajua hayo asubuhi ile. Nilijua tu kwamba nimeona kitu cha nyumbani mahali ambapo sikukitarajia, na koo likanibana.

Mji wenyewe wa kale ulinishangaza kwa jinsi ulivyochoka. Leo nyumba nyingi zimekarabatiwa, maana mwaka 1982 Shirika la UNESCO liliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, kama ulivyokuja kuingizwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Wakati ule majumba ya matajiri wa zamani yalikuwa yamegawanywa vyumba vyumba, familia kumi na zaidi zikiishi katika jumba lililojengwa kwa ajili ya familia moja. Magogo yaliegemezwa kuzuia kuta zisianguke, na nguo zilianikwa kwenye roshani za chuma zilizonakshiwa. Wazee walikaa vizingitini wakizungumza na kila mpita njia, kama tunavyokaa barazani. Nilifika uwanja wa kanisa kuu, lile lililoanzwa na mapadri Wajesuiti mwaka 1748, lenye minara miwili isiyolingana, mmoja mwembamba na mwingine mnene. Nikaliwekea mkono ukutani. Lilikuwa jiwe la matumbawe. Viumbe vya baharini vilionekana waziwazi ndani yake, kama katika kuta za Pangani na Bagamoyo.

Nilikumbuka vilevile kwamba Bagamoyo watu walifikishwa pwani kwa minyororo, na Havana watu walishushwa melini kwa minyororo. Kuba haikukomesha utumwa hadi mwaka 1886. Ndiyo sababu hasa kuku mweupe hakuonekana pale. Mwenzangu wa Angola aliniambia kwamba bamia, ambazo Wakuba huziita quimbombó, zilichukua jina hilo katika lugha ya kwao; na kwamba wapo Wakuba ambao hadi leo hulitumia neno nganga katika mambo yao ya dini na uganga. Mimi sikuhitaji kamusi kulielewa.

Mwalimu hawezi kuona neno akaliacha lipite. Jioni nilifungua daftari na kuanza kupanga orodha. Mesa ni meza. Bandera ni bendera. Vino ni mvinyo. Maneno hayo sisi tuliyapata kwa Wareno, ndugu wa Wahispania kwa lugha. Kisha azúcar, sukari, limón, limau, na hasta, ambayo ni ile hata yetu, maana Waarabu walikaa Hispania tangu mwaka 711 hadi 1492 na waliacha maneno huko kama walivyoyaacha pwani yetu. Kufikia usiku nilikuwa na maneno zaidi ya thelathini. Nililala nikijiambia kwamba lugha hii nitaimaliza kwa miezi miwili. Kiburi cha mwalimu kijana ni kitu kizito. Hujui kwamba umekibeba mpaka kikuangushe.

Kiliniangusha siku ya tatu, mtaa mmoja nyuma ya Plaza Vieja. Palikuwa na duka la serikali la matunda na mboga. Niliona watu wamesimama huku na huku, wengine kivulini, wengine wameketi, mama mmoja akisuka nywele za mtoto ng'ambo ya barabara. Mbele ya meza ya muuzaji hapakuwa na mtu. Nikaona bahati imenijia, nikaenda moja kwa moja mezani. Lo! Kelele zilizozuka sijapata kuzisikia tena. Watu kumi walinijia juu kwa pamoja, na muuzaji alininyoshea kidole kuelekea nje.

Nilirudi nyuma nikasimama, jasho likinitoka. Kwetu foleni ni mstari. Ukichoka, unaweka jiwe au kikapu chako mahali pako na watu wataliheshimu jiwe lako. Pale hapakuwa na mstari wala mawe, lakini kila mmoja alijua zamu yake. Watu walikuja baada yangu, wakasema neno moja, wakaenda kukaa, na baadaye wakahudumiwa mbele yangu. Muda mrefu ukapita. Nilikuwa mwalimu wa miaka saba, mtu niliyezoea darasa zima kusimama niingiapo, na sikuweza kununua tunda.

Aliyeniokoa alikuwa bibi mmoja mweusi, mfupi, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alinishika mkono wa shati akaniita mi hijo, mwanangu. Alikuwa ameng'amua kwamba sikuwa mkorofi bali mgeni. Alinisimamisha kama mtoto, akanitamkisha: ¿El último? Yaani, wa mwisho ni nani? Ukifika unauliza hivyo kwa sauti. Mmoja atainua mkono, nawe umtie machoni. Tangu hapo wewe ndiye wa mwisho, hadi atakapokuja mwingine kukuuliza. Basi unaweza kwenda kukaa kivulini, ukasoma gazeti, hata ukaenda nyumbani kumwangalia mgonjwa na kurudi. Foleni ile haikuwa imechorwa chini. Ilikaa katika vichwa vya watu, na ili uingie lazima ufungue kinywa ukiri mbele ya wote kwamba wewe ni wa mwisho.

Niliuliza. Mtu akainua mkono. Zamu yangu ilipofika niliona mapapai mazuri mezani, nikafurahi, maana neno hilo nililijua bila kufundishwa. Nikalitamka kwa sauti ya darasani, wote wasikie: papaya. Msomaji mpenzi, tunda lile katika mji wa Havana haliitwi hivyo. Neno lile huko ni jina la kitu ambacho mtu mzima hakitaji mbele ya wakwe zake. Wanaume walijishika mbavu, kina mama walifunika nyuso kwa mikono, na muuzaji aliweka mizani chini ili apate kucheka vizuri. Bibi yangu naye alicheka mpaka machozi. Kisha akanipeleka kwenye ubao uliotundikwa ukutani, ulioandikwa kwa chaki bei za siku ile, akaweka kidole chake chini ya maneno mawili na kukisogeza polepole, herufi kwa herufi, huku akitamka: fruta bomba. Akachukua kidole changu akakiweka pale pale. Nikasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, mbele ya watu wote.

Ndipo nilipomkumbuka mama yangu, na kicheko chote kikanitoka.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea nchi nzima. Kijijini kwetu walikutana jioni chini ya mwembe. Mama yangu, aliyekuwa amepita miaka hamsini, alijiandikisha. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu mpya kabisa, nilikwenda likizo, na usiku wa kwanza baada ya chakula alileta kitabu chake karibu na taa ya chemli ili anionyeshe. Alisoma huku akifuata kwa kidole, akikwama, akirudi, midomo ikitangulia sauti. Nilimwambia, "Mama, hata watoto wangu wa darasa la pili hawasomi kwa kidole." Nilisema nikicheka. Sikukusudia ubaya, nilidhani namrekebisha. Alikifunga kitabu taratibu, akasema nimechoka na safari nilale. Hakukitoa tena mbele yangu, likizo ile wala zilizofuata, nami sikuuliza.

Yule bibi wa Havana aliniambia mengi siku ile, tukiwa tumeketi kizingitini. Nusu niliielewa pale pale, na nusu ya pili nilikuja kuielewa baada ya miezi, kwa maana nilirudi kumwamkia mara nyingi. Alichukua penseli yangu akaandika 1961 kwenye karatasi iliyofungia matunda, na chini yake akaandika jina lake, kwa herufi kubwa, kwa uangalifu wa mtu anayebeba maji yasimwagike. Alikuwa amefua nguo za watu maisha yake yote. Mwaka huo, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, alifundishwa kusoma na msichana wa miaka kumi na minne.

Habari za mwaka ule nilizisoma baadaye kama sehemu ya masomo yangu. Shule zilifungwa, na vijana wapatao 100,000 walikwenda mashambani na milimani, kila mmoja na taa yake na vitabu vyake, kuishi na watu wasiojua kusoma na kuwafundisha. Kikosi chao kiliitwa kwa jina la Conrado Benítez, mwalimu kijana mweusi wa miaka 18 aliyeuawa milimani mwezi wa Januari mwaka uleule. Tarehe 22 Desemba 1961 serikali ilitangaza kwamba watu zaidi ya 700,000 wamejua kusoma. Kila aliyehitimu aliandika barua kwa Fidel Castro kuthibitisha, na barua hizo zimehifadhiwa katika makumbusho yaliyo Ciudad Libertad, mahali palipokuwa kambi kubwa ya jeshi kabla ya kugeuzwa shule. Tulipelekwa huko na chuo. Nilizitazama herufi zile zilizopinda, zinazopanda na kushuka mstari. Wenzangu waliulizia takwimu. Mimi nilikuwa nikifikiria taa ya chemli.

Jioni ya siku ile ya papai nilikaa kuandika barua nyumbani. Mpaka hapo barua zangu nilikuwa nikimwandikia dada yangu, na mwisho naweka, "Msalimie mama." Safari hii nilimwandikia mama. Niliandika kwa herufi kubwa zilizoachana, kama kitabu cha kisomo, sentensi fupi fupi. Nimefika salama. Bahari iko karibu. Watu wa hapa wanafanana na sisi. Sijui kusema lugha yao. Leo nilisoma kwa kidole. Bibi mmoja alinifundisha. Nisamehe kwa maneno ya ile likizo.

Barua ya majibu ilichukua karibu miezi mitatu. Nilipoifungua nilishikwa na unyonge, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wa dada. Alinieleza mvua, mahindi, nani kaoa na nani kafa. Lakini chini kabisa, kwa wino mwingine, palikuwa na herufi kubwa zilizopanda na kushuka mstari. Mama alikuwa ameandika: MWANANGU BARUA NIMESOMA MWENYEWE. NILIWEKA KIDOLE.

Tangu 1973 alikuwa ameendelea na darasa lile la mwembeni bila kunitajia hata siku moja.

Baadaye nilipewa kuongoza chuo cha ualimu, na kila mwaka, wanafunzi wapya walipofika, nilikuwa na desturi moja. Niliandika ubaoni mistari mitano ya Kihispania, nikamwita mmoja wa waliofaulu sana asogee mbele aisome. Mstari wa kwanza aliusoma akitabasamu, wenzake wakimshangilia. Kufikia mstari wa tatu kidole kilikuwa kimekwisha kufika ubaoni, bila yeye mwenyewe kujua. Hapo nilimsimamisha, nikawaomba wote wakitazame kile kidole, kisha nikawasimulia habari za foleni ya Havana, isipokuwa neno la papai, ambalo niliwaachia wakalitafute wenyewe.

Mama alifariki mwaka 1994. Barua yangu tuliikuta ndani ya sanduku lake la nguo, imekunjwa katika kitabu cha kisomo. Chini ya mistari yake palikuwa na weusi kidogo, mahali kidole kilipopita mara nyingi.